Watu Mia Tatu Waliomzika Isakwisa

Wasifu wa mjomba wangu Lutengano ulikuwa na mistari mitatu. Mchungaji aliusoma, akageuza karatasi kutafuta upande wa pili. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Watu waliojaa uwanja wetu wa Iyunga, hapa Mbeya, wakaanza kuangaliana, maana mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu aliyewaandikia nusu ya mtaa barua zao za maombi na hotuba zao za harusi, haagwi kwa mistari mitatu. Wengine waliniangalia mimi. Wanajua nina duka la steshenari kule mtaa wa Soweto, na kwamba wasifu za marehemu ndiyo kazi ninayoichapa kuliko zote. Wakadhani nimefanya uzembe.

Sikufanya uzembe. Mistari ile aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, akaniambia nikiongeza hata neno moja nisikanyage kwenye mazishi yake. Nilitii, na tangu siku hiyo nina hasira. Nimechapa wasifu za walevi na za wanaume waliokuwa wakiwapiga wake zao, na wote kwenye karatasi walikuwa wacheshi, wapenda watu, nguzo ya familia. Mjomba alikuwa bora kuliko wengi wao. Kwa hiyo hapa ninaongeza maneno. Mazishi yamekwisha, hawezi tena kunifukuza.

Alizaliwa mwaka 1948 hapahapa Iyunga, wakati Iyunga ni migomba na mahindi tu na ng'ombe wawili watatu. Baada yake alizaliwa Isakwisa, na wa mwisho akawa mama yangu, Tupokigwe. Mjomba alisomea ualimu, akafundisha siasa, baadaye uraia na Kiswahili, miaka thelathini na saba bila kukosa kipindi. Ukimtajia jina lake mwanafunzi wake yeyote, awe dereva wa lori au mkuu wa idara, atakujibu kitu kimoja: Azimio la Arusha.

Hakulifundisha kama wengine, kwa kukaririsha tarehe na vifungu. Alilifungua kama fundi anavyofungua redio, akatuonyesha sisi wanafunzi wake sauti inatokea wapi. Kwanza, alisema, angalieni linavyoanza. Halianzi na amri. Linaanza na imani, kwamba binadamu wote ni sawa, na hapo nani atabisha? Ukishaitikia la kwanza utaitikia na la pili, na ukifika mbele umeshazoea kuitikia. Kisha linagusa kidonda: tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Mara tatu, na kila mara ni sisi. Anayekuambia mmeonewa anakuhurumia tu, alisema Mjomba, lakini anayekuambia tumeonewa ameshakaa kwenye benchi lako. Baada ya hapo ndipo linakuja na hesabu, kwamba hizo fedha tunazozisubiri zitatoka kwa nani, na kwa nini atupe. Halafu mwishoni kabisa unaombwa kitu, na wakati huo mkono wako umeshanyooka wenyewe.

"Nani anasema, panauma wapi, hesabu inasemaje!" Tuliimba hivyo darasani mpaka darasa la jirani likalalamika. Mimi mwenyewe ninayatumia mpaka leo nikigombana na mwenye fremu yangu ya duka, na huwa ninashinda.

Hakuna aliyewahi kumuuliza alijifunzia wapi. Sisi wa nyumbani tulijua, au tulidhani tunajua, kwa sababu ya barua.

Azimio lilipotangazwa, Februari ya mwaka 1967, vijana kila mahali walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Kutoka Mbeya liliondoka kundi moja mwezi wa nne, vijana arobaini na mmoja, kwenda Iringa. Barabara haikuwa na lami na masika yalikuwa yamekolea. Mjomba alikuwa na miaka kumi na tisa na ndiye aliyechaguliwa kuwa msomaji: kila walipopumzika alisimama juu ya kitu, akalisoma Azimio kwa wanakijiji. Isakwisa alikuwa na miaka kumi na sita na hakutaka kwenda. Alikuwa na kikohozi, tena alipenda ng'ombe kuliko siasa. Mjomba alikaa naye jikoni jioni tatu mfululizo, akimsomea. Jioni ya tatu Isakwisa akasema haya, naenda. Bibi yangu alimfungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa.

Karibu na Mafinga Isakwisa akafa kwa homa ya mapafu. Aliyeleta habari Iyunga hakuwa mtu, ilikuwa barua ya Mjomba, kurasa nne. Aliposikia tu kwamba mtoto amekufa, Babu alifunga mzigo kwenda kuuchukua mwili, maana kwetu mtu anazikwa kwao, hilo halina mjadala. Barua iliposomwa mpaka mwisho, akafungua mzigo.

Ninaijua kwa moyo, kama wenzangu wanavyojua Baba Yetu. "Kwa kuwa Isakwisa alitoka kwa hiari yake. Kwa kuwa safari hii haikuwa yake peke yake bali ni yetu sote. Kwa kuwa ardhi ya nchi hii sasa ni moja, na hakuna kijiji kilicho ugenini." Halafu kidonda: "Alizikwa chini ya mkuyu mkubwa, kaburi la katikati, kichwa kikielekea nyumbani. Watu mia tatu walimwimbia. Mimi nilisimama kichwani pake mpaka udongo wa mwisho. Neno lake la mwisho lilikuwa: mwambie mama asilie, nimetembea kwa ajili ya wote." Halafu hesabu: siku ngapi za njia, mito mingapi imejaa, mwili utafikaje. Halafu ombi: mwacheni apumzike pale alipoangukia.

Babu aliitikia. Bibi hakuitikia wala hakukataa. Alisema tu kwamba akifa yeye, pembeni pake paachwe nafasi ya mtoto wake, atakuja siku moja. Hakujua kusoma. Kwa hiyo kila mwaka, tarehe ile ya Aprili, alimketisha Mjomba kwenye kigoda, akamwambia, "Nisomee mwanangu." Na Mjomba akasoma, kurasa zote nne, kwa sauti ile ya darasani. Alifanya hivyo miaka ishirini na minne, mpaka Bibi alipofariki mwaka 1991. Tulimzika nyuma ya nyumba, na kushoto kwake tukaacha nafasi ya kaburi moja. Mama yangu aliipalilia kila mwezi. Watoto tulichapwa tukiikanyaga.

Mwaka juzi mwanafunzi wa zamani wa Mjomba, anaitwa Mika, anayeishi upande wa Mafinga, alituma picha ya tangazo kwenye simu yangu. Barabara ya kijiji inapanuliwa, makaburi tisa yanahamishwa. Sita yana wenyewe. Matatu ya zamani hayana, na wenyewe wasipojitokeza kabla ya mwisho wa mwezi, mabaki yatawekwa pamoja kwenye kaburi moja la jumla. Mika aliandika chini: mwalimu, si ndicho kijiji ulichokuwa unatusimulia?

Mama aliposikia alilia kwa furaha. Sijawahi kumwona hivyo. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi safari, lakini siku hiyohiyo alimwita fundi achonge sanduku dogo la mninga, akanunua shuka jeupe, akalifua ingawa lilikuwa jipya. "Kaka," alimwambia Mjomba, "unamleta Isakwisa. Nikishamwona pale kwa mama, hata mimi naondoka roho nyeupe." Mjomba akasema, "Ndiyo, Tupo." Nilimwona amekunja uso, nikadhani ni uzee, au ni mgongo.

Tulipanda basi la asubuhi, yeye na mimi, na sanduku tukalipakata kwa zamu. Njia nzima hakusema kitu. Kwa mtu aliyekuwa akiwahutubia hata wauza vitunguu wa dirishani, kimya kile kilinisumbua.

Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu anayeitwa Silvester, alitupokea kwenye ofisi yake pamoja na wajumbe wanne. Kwenye benchi la nyuma alikaa bibi mmoja mwenye shali, Veronika, ambaye aliitwa kwa sababu ni mzaliwa wa pale na anakumbuka mambo. "Kamwene," alitusalimia, akaendelea kutafuna karanga zake.

Silvester alieleza shida yake vizuri. Makaburi matatu yamepangana, hayana misalaba wala majina. Hawezi kutoa kibali bila kujua lipi ni lipi na kwa ushahidi gani.

Mjomba akasimama. Na hapo, nisiseme uongo, nilijivuna. Alikuwa na miaka sabini na sita lakini mgongo ulinyooka. Alianza kwa kueleza yeye ni nani, mwalimu, na akataja waliopita mikononi mwake, wawili kati yao wakiwa watu wa kijiji kilekile. Akasema sisi sote hapa tumezika. Sote tunajua nafasi iliyo wazi inavyomtazama mtu. Mjumbe mmoja alijifuta macho. Akahesabu: miaka hamsini na saba, mama mmoja aliyesubiri mpaka kufa, dada mmoja asiyeweza tena kutembea. Halafu akaitoa barua mfukoni, imekunjwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo, akaisoma pale panaposema kaburi la katikati, chini ya mkuyu.

"Mimi nimeridhika," alisema Silvester, na akavuta muhuri.

"Mkuyu gani?" aliuliza Veronika.

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mkuyu, mama," alisema Mjomba. "Labda ulikatwa."

"Hapa hapajawahi kuwa na mkuyu, baba. Na baridi hii, mkuyu utaota wapi? Mimi nimezaliwa nyumba ile pale." Akaweka karanga chini. "Unamsema yule mtembezi? Yule kijana wa Mbeya mwenye kukohoa?"

Mjomba alianza kuikunja barua.

"Mama yangu alikuwa anafagia zahanati ya misheni," alisema Veronika. "Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nampelekea uji. Wenzake walimwacha Jumatatu, wakaendelea na safari yao. Alikaa siku nne. Kila nikiingia anauliza, kaka yangu amefika wapi? Mama akawa anamwambia, ameshageuza, yuko njiani anarudi. Basi anatulia. Kesho anauliza tena. Mvua ilikuwa haikati. Walimzika watu wanne tu, mama yangu na mganga na wanaume wawili, jina lake hata hawakulishika vizuri. Masika yale walikufa na wengine wawili, ndiyo hayo matatu yamepangana. Lipi ni lake, mama yangu alijua. Mimi walinikataza kwenda, nilikuwa mtoto." Akamtazama Mjomba vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye kaka?"

Nilimgeukia nikitegemea atabisha. Mtu aliyesimama kichwani pake mpaka udongo wa mwisho! Mjomba alikuwa ameketi. Sikumwona akiketi.

"Ndiyo mimi," alisema. "Sikuwepo."

Alisema yaliyobaki akiwa ameinamisha kichwa, kwa maneno mafupi, kama mtoto anayeungama. Yeye ndiye alikuwa msomaji, na kiongozi wao alisema kundi haliwezi kwenda bila msomaji. Habari za kifo zilimkuta Iringa mjini, siku ya mkutano, na alipanda jukwaani akasoma. Barua aliiandika kesho yake. Mkuyu aliutoa kichwani, watu mia tatu aliwatoa kichwani, na yale maneno ya mwisho aliyatunga, akayafuta, akayatunga tena mpaka yakamliza mwenyewe. Alijua baba akija kuuchukua mwili ataambiwa kwamba mtoto alikufa peke yake. Kwa hiyo aliandika baba asije.

"Tulirudi Mbeya kwa lori," alisema. "Lilipita hapa, mchana kweupe. Ningegonga bodi lingesimama. Sikugonga."

Mimi nilikuwa nimekumbatia sanduku la mama yangu, na nilitamani kulirusha. Miaka yote ile ya kigoda, na Bibi amefumba macho anasikiliza watu mia tatu wakiimba!

Silvester, Mungu ambariki, alikuwa na huruma kuliko sheria. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, chagua moja. Mimi nagonga muhuri. Huko nyumbani nani atajua?"

Nakiri kwamba mimi nilitaka achague. Nilimfikiria mama na shuka lake, nikamkanyaga Mjomba mguu chini ya meza. Angeweza. Angerudi Iyunga na mifupa ya mtu yeyote, akasimama pale nyuma ya nyumba, akasema maneno mpaka mawe yakalia, na mama yangu angekufa ana amani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mama nilimsomea uongo miaka ishirini na minne. Siwezi kumletea na mtu wa watu nikamlaza pembeni yake."

Alimwomba Veronika amwonyeshe makaburi. Alisimama kwenye lile la kwanza, akaenda la pili, akaenda la tatu, na kwenye kila moja alisema maneno yaleyale kwa Kinyakyusa, taratibu. Nimefika, mdogo wangu. Alirudia mara tatu, na safari hii hakuwa anamshawishi mtu. Nililia kwa hasira na kwa huruma, na sikujua ipi ilizidi.

Tulirudi na sanduku tupu. Mama alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliona tulivyolishika kwa wepesi. Mjomba alipiga magoti mbele yake, mzee wa umri ule, akamwambia yote. Hakuanza na imani, wala hakutafuta panapouma. Alisema, "Tupo, nilimwacha akiwa hai. Sikumzika. Alikuwa ananiulizia."

Mama hakupiga kelele. Alianza kuisema ile barua kwa moyo, kuanzia "Kwa kuwa Isakwisa alitoka kwa hiari yake". Akaenda nayo, mkuyu, kichwa kikielekea nyumbani, watu mia tatu. Alipofika kwa yule aliyesimama kichwani akasita, akarudia mstari, akasita tena. Halafu akasema, "Kumbe hatukuwa na kitu."

Mjomba alibaki chini.

"Ile nafasi ya mama isiguswe," alisema mama yangu. "Hata na wewe, kaka. Usije ukalala pale."

Hawakusalimiana mwaka mzima na zaidi, watu wanaoishi uwanja mmoja. Mjomba aliacha kuandika. Watu walikuja na barua zao za maombi, akawaelekeza dukani kwangu. Wazee wa kanisa walimwomba hotuba, akasema sauti imekwisha. Alichoandika ni karatasi ile moja, akaniletea Soweto mwenyewe, akiwa amekonda.

"Chapa kama ilivyo, Jackline."

Niliisoma nikamwambia, "Mjomba, huu si wasifu. Na wanafunzi wako? Na miaka yote ile?"

"Hao nilikuwa nawafundisha," alisema. "Huyu ndiye ninayemwomba Mungu anisamehe kwa ajili yake." Akaniambia lile neno la kutokanyaga mazishini, akaondoka.

Alifariki mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikinyesha. Karatasi yenyewe ilisema hivi, na mchungaji aliisoma yote:

Naitwa Lutengano.
Nilikuwa na mdogo wangu, Isakwisa.
Nilimwacha njiani.

Lakini asubuhi ya mazishi, kabla karatasi haijasomwa, vijana wa kuchimba walikuja na majembe na sululu wakasimama nyuma ya nyumba, hawajui pa kuanzia. Waliniuliza mimi. Niliwaambia kule mwisho kabisa, kwenye uzio, maana nilikumbuka alivyosema mama, na sikutaka ugomvi mbele ya wafiwa.

Mama akatokea, amejishikilia kwa fimbo, matope mpaka kwenye vifundo. Sijui nani alimsaidia kushuka barazani. Alipita kaburi la Bibi. Akafika kwenye ile nafasi, akaizunguka bila kuikanyaga, akasimama upande wake wa pili, akachoma fimbo kwenye udongo.

"Mchimbieni hapa," alisema, "jirani na nafasi ya mdogo wake."

Kijana mmoja akauliza, "Na hii nafasi, bibi? Tuiache tena wazi?"

"Iacheni," alisema mama yangu. "Safari hii amsubiri."